Baba anataka kusikia "mayi" ya Kisangani, kaka zangu wanasema nampeleka kufa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, nina miaka 38, mtoto wa tatu na binti pekee wa baba yangu. Baba alizaliwa Kisangani mwaka 1955, enzi hizo mji ukiitwa Stanleyville. Bibi yetu alifariki na kuzikwa hukohuko mwaka 1961. Mwanzoni mwa 1964, miezi michache kabla ya waasi wa Simba kuuteka mji, babu aliwachukua watoto akaondoka nao. Baba anakumbuka treni hadi Ponthierville (sasa Ubundu), meli ya mtoni hadi Kindu, treni nyingine hadi Albertville (sasa Kalemie), kisha ziwa, kisha Kigoma. Hajarudi tena mpaka leo.

Tangu mama afariki mwaka juzi, baba amebadilika. Kiswahili chake cha utotoni kimemrudia. Watu anawaita "batu", maji anayaita "mayi", na wajukuu wanamcheka na kumsahihisha. Mwezi wa Ramadhani, tukiwa mkekani tunasubiri adhana ya magharibi, alisema neno ambalo halijanitoka moyoni: "Kabla sijafa nataka nisikie mayi ya kwetu tena." Basi. Hakuongeza kitu.

Kuanzia siku ile nimekuwa nikipanga. Nina shilingi milioni 12, akiba yangu pamoja na fedha za kikoba. Nimejaza daftari zima. Nataka tuifuate ileile njia aliyokuja nayo, kinyume chake: meli hadi Kalemie, treni hadi Kindu, mtoni hadi Ubundu, treni hadi Kisangani. Tukifika tuone maporomoko yote saba ya mto Congo, twende Yangambi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, twende Epulu kuwaona okapi, wale wanyama wa msituni, na tulitafute kaburi la bibi. Nimepanga wiki nne, likizo ya Desemba.

Kaka zangu wawili wako Dar. Mkubwa amesema wazi kwamba nampeleka mzee kufa msituni, na kwamba likitokea jambo nisimpigie simu. Wa pili yeye kila siku ananitumia habari za ndege zilizoanguka Congo. Shemeji yangu, dereva wa lori, anasema niachane na treni na ndege, tupite Uganda, tuvuke mpaka wa Kasindi, tushike barabara ya Beni mpaka Kisangani. Baba ana presha, anameza vidonge kila siku, na goti moja linamsumbua.

Shangazi, niende naye hata kama kaka hawataki? Au niache, halafu nije kujuta nikiwa nimesimama juu ya kaburi lake?

Binti wa Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikagundua kitu. Mmezungumza ninyi nyote: wewe, kaka wawili, shemeji, hata wajukuu. Baba amezungumza mara moja tu, tena kwa sentensi moja. Hakutaja treni, hakutaja Yangambi wala okapi. Alisema anataka kusikia maji ya kwao. Hayo mengine yote yaliyomo kwenye daftari ni yako, na najua umeyaandika kwa mapenzi, lakini ndiyo yanayowatisha kaka zako, na ndiyo yatakayomchosha mzee kabla hajafika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mpeleke. Ila mpeleke kwa ndege, kwa siku kumi hivi, akaone mji wake na akasikie maji yake, kisha mrudi nyumbani.

Naelewa kwa nini njia ya babu imekuvuta. Hata mimi nilipoisoma moyo ulinienda mbio. Reli ile ya kati ya Ubundu na Kisangani, kilomita 125, ilijengwa kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kuyavuka yale maporomoko saba, kwa hiyo watu na mizigo walishushwa, wakapanda treni, kisha wakarudi mtoni. Mwaka 1964 safari ile, pamoja na dhiki zake, ilikuwa na ratiba. Leo treni za upande huo zinaweza kukaa muda mrefu bila kutembea, na meli ya mtoni huondoka ikijaa, si ikifika siku yake. Unaweza kukaa Kindu wiki mbili ukingoja, na likizo yako ikaishia hapo, huku vidonge vya presha vinapungua na goti limelala juu ya magunia. Baba aliipita njia hiyo akiwa na miaka tisa, amebebwa na baba yake. Leo wa kumbeba ni wewe, na wewe uko peke yako.

Njia ya shemeji sitaizungusha. Usipite. Barabara ya Beni kwenda Kisangani inakatiza maeneo ambayo waasi wa ADF wamekuwa wakiua raia kwa miaka, barabarani na vijijini, hadi huko Mambasa. Shemeji ni dereva na ana roho ya kazi yake, lakini abiria wake wa siku zote ni mizigo. Hiyohiyo ndiyo barabara ya kwenda Epulu, kwa hiyo okapi nao uwafute kwenye daftari. Na kama kuna atakayekushauri kupitia Goma, mwambie uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji.

Inabaki ndege, na hapa namgeukia kaka yako wa pili, kwa sababu hofu yake si ya kubuni. Julai 2011 ndege ilianguka Kisangani kwenyewe, uwanja wa Bangoka, ikijaribu kutua alasiri kwenye dhoruba, na watu zaidi ya 70 wakafa. Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika yote yenye leseni ya Congo kuruka katika anga lake. Mwambie unayajua hayo. Kisha mwambie utakavyofanya: utachagua shirika lenye ndege kubwa za abiria na ratiba inayofuatwa, utakata tiketi ya ndege ya asubuhi, maana kwenye msitu wa ikweta mawingu mazito hujikusanya mchana, na kama siku hiyo anga ni baya mtalala Kinshasa bila kulalamika. Mwenye hofu husikia zaidi mipango kuliko kubembelezwa.

Kinachoumiza ni kwamba kutoka Kigoma hadi Kisangani, kwa mstari ulionyooka, hazifiki hata kilomita 800. Lakini mtakwenda Dar, kisha Nairobi au Addis Ababa, kisha Kinshasa iliyo mbali kabisa magharibi, halafu mrudi mashariki kilomita 1,200 juu ya msitu. Weka siku mbili za kupumzika Kinshasa wakati wa kwenda na angalau moja wakati wa kurudi. Safari za ndani hubadilishwa siku bila taarifa ya maana, na hutaki kuikosa ndege ya kurudi kwa sababu ya ile ya ndani. Desemba umepatia: mvua kubwa za Kisangani ni Oktoba na Novemba, na kuanzia Desemba hadi Februari hupungua, ingawa hakuna mwezi mkavu. Lakini ni msimu wa sikukuu, kwa hiyo tiketi zikate mapema.

Sasa kaa nami kwenye afya, maana hapa ndipo naona hujapagusa, na hapa ndipo kaka mkubwa ana haki.

Huingii Congo bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ukirudi Tanzania kutoka huko utaulizwa tena. Kwako wewe ni jambo jepesi: unachanjwa, cheti kinaanza kutambulika baada ya siku 10, na sasa ni cha maisha. Kwa baba si jepesi. Mtu aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kupata chanjo hiyo ana hatari kubwa zaidi ya madhara makali kuliko kijana. Madhara hayo ni nadra, lakini yapo, na ndiyo maana mzee hapelekwi kuchanjwa dirishani kama anayekata tiketi ya basi. Daktari amuone kwanza, ajue presha yake, dawa zake, na kama amewahi kuugua kitu kinachodhoofisha kinga. Daktari akikataa, anaweza kuandika hati ya kumwondolea chanjo kwa sababu za kiafya, lakini basi mzee atakuwa anaingia eneo lenye ugonjwa huo bila kinga, na hapo mimi ningesita sana. Fanya hili kabla hujalipa hata senti ya tiketi. Majibu ya daktari ndiyo yatakayosema kama safari ipo.

Mengine ni ya kawaida, ila yafanye kwa ukamilifu. Vidonge vya presha beba mara mbili ya idadi ya siku, vyote kwenye mkoba wa mkononi, na karatasi ya daktari yenye jina la dawa, ikiwezekana na tafsiri ya Kifaransa. Malaria, msijidanganye kwamba ninyi ni wa Kigoma mmeizoea. Muulizeni daktari dawa ya kinga isiyogombana na za presha, bebeni chandarua, na homa ikipanda mkapime siku hiyohiyo. Kunyweni maji ya chupa iliyofungwa. Nyama ya porini msile wala msiishike, ugonjwa wa Mpox upo katika jimbo lile la Tshopo, la Kisangani. Na goti: uliza nyumba ya wageni yenye chumba cha chini, kabla ya kuuliza bei.

Karatasi, kwa haraka. Pale Kigoma mna ubalozi mdogo wa Congo, nenda mwenyewe ukaulize masharti ya viza ya sasa kwa wenye pasi ya Tanzania. Congo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kusikufanye ufunge mzigo bila kuuliza. Baba asafiri kama Mtanzania, maana nchi zote mbili hazikubali mtu mzima kuwa na uraia wa kwingine. Mkifika Kisangani, hata kama mmetoka Kinshasa, maofisa wa uhamiaji wanaweza kutaka kuona pasi tena. Msishtuke, na nakala za kila kitu ziwe tayari. Ukikata tiketi uliza kama kodi ya uwanja inayoitwa Go Pass imo ndani au mtailipa pale.

Fedha ni faranga za Congo na dola, lakini dola iwe safi. Nilipokwenda mimi miaka iliyopita nilibeba noti moja ya 100 yenye mchaniko mdogo pembeni, usiouona usipotafuta. Niliirudisha nyumbani vilevile, hakuna aliyeipokea. Chagua noti mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa. Na katika zile milioni 12, tenga theluthi nzima usiiguse, iwe ya kurudi ghafla kama baba ataumwa. Kama theluthi mbili zilizobaki hazitoshi, safari isogee hadi Desemba ijayo, au kaka wachangie.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe, kwa sababu nataka umwandae mzee.

Maporomoko ya Boyoma si ya kuanguka kutoka juu kama watu wanavyofikiria. Ni ngazi saba zilizotawanyika mtoni kwa kilomita kama 100, na kwa jumla maji hushuka mita 60 tu. Nguvu yake iko kwenye wingi. Mto Congo mzima unajibana kwenye miamba, na mngurumo wake unausikia kabla hujauona. Ngazi ya mwisho iko palepale mjini, kwenye kijiji cha wavuvi Wagenia. Wanasimamisha magogo makubwa juu ya miamba, katikati ya maji yanayochemka, wananing'iniza mitego mikubwa ya kusuka yenye umbo la faneli, na vijana wanapanda juu ya magogo hayo kuitega na kuitegua. Mtu mwenye presha na goti anaweza kuyaona haya yote akiwa amekaa kwenye kiti ukingoni. Huhitaji zile sita nyingine. Muone kwanza mzee wa kijiji, mkubaliane malipo ya kutembelea na ya kupiga picha, ndipo utoe simu. Askari, daraja, bandari na uwanja wa ndege usivipige kabisa.

Nendeni alfajiri, kabla ya jua. Baiskeli za abiria zinaitwa toleka, utaziona kila kona. Wewe panda ukipenda, mzee mtafutie gari.

Halafu kuna lugha. Kisangani watu husema Kilingala, na husema Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho cha baba yako. Kule "batu" ni watu na "mayi" ni maji, na hakuna mtoto atakayemcheka. Kilifika huko kikipitia Ujiji yenu, kwenye misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, aliwekwa gavana wa Stanley Falls, eneo hilohilo la maporomoko, mwaka 1887. Historia hiyo ina uchungu, lakini ndiyo iliyomfanya mtoto wa Stanleyville afike Kigoma akaelewana na watu siku ya kwanza. Wakati mnajiandaa, waambie wajukuu waache kumsahihisha. Wamuulize maneno mengine. Unaweza kukuta safari imeanza hapo mkekani.

La kaburi sina budi kulisema. Usimwahidi. Bibi alizikwa mwaka 1961, kwenye udongo unaonyeshewa mwaka mzima na nyasi zisizolala. Mji ule umepita kwenye uasi wa 1964, ukapita kwenye vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wenyewe kwa makombora na kuua mamia ya raia. Majina ya mitaa yamebadilika tangu Stanleyville iwe Kisangani mwaka 1966. Mkifika, nendeni msikitini baada ya swala, baba ajitambulishe kwa jina la babu na la ukoo, awaulize wazee makaburi ya Waislamu ya zamani yalikuwa upande gani. Wakilipata eneo tu, hata bila kaburi, asome dua yake pale. Wasipolipata, ataisomea ukingoni mwa mto. Lakini mwambie sasa, akiwa kwake, akiwa na usingizi wake, siyo kule mbele ya kichaka.

Kuhusu kaka zako, hapana, usiende kwa nguvu. Wala usiombe ruhusa. Itisha kikao cha simu, wote wawili kwa pamoja, baba akiwa amekaa karibu nawe. Wasomee mpango mpya: ndege, siku kumi, daktari kwanza, theluthi pembeni. Kisha nyamaza, umpe baba simu. Kaka mkubwa anapiga kelele kwa sababu anaogopa kupigiwa simu usiku yuko Dar hana la kufanya. Mpe la kufanya. Mwombe awe ndiye anayeshika namba za daktari na tiketi, na kila jioni umpigie yeye. Wa pili, muulize kama hawezi kuja. Mikono miwili ya ziada kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa ni msaada mkubwa kuliko milioni moja ya mchango.

Na kabla ya kikao, kuna swali moja inabidi umuulize mzee, mkiwa wawili tu. Kisangani ina maporomoko mengine, ya mto Tshopo, upande wa kaskazini wa mji, kwenye bwawa la umeme. Waliokulia upande ule walilala na kuamka wakisikia maji hayo, si ya Wagenia. Wewe umedhani ni ya mto mkubwa kwa sababu ndiyo yanayojulikana. Muulize: "Baba, mayi yapi?" Liseme hivyohivyo, kwa neno lake, kisha umwache aeleze nyumba yao ilikuwa wapi, na asubuhi walichota upande gani. Andika anachosema kwenye ukurasa mpya wa daftari lako, halafu uniletee.

Shangazi